Bunduki ya babu: je, namba zake zinaweza kutuambia ilikuwa ya nani?

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha za bunduki kuukuu iliyokutwa darini, nyumbani kwa marehemu babu yake. Ina kutu, kitako kimeliwa na mchwa, lakini maandishi na namba bado vinasomeka. Anauliza: je, kwa namba hizo anaweza kumjua askari aliyepewa bunduki hiyo mara ya kwanza?

Jibu fupi ni hili: namba zinaweza kukufikisha kwenye kiwanda, mwaka na pengine kikosi. Jina la mtu liliandikwa kwenye karatasi, na si kila karatasi imesalia.

Kwanza, usalama

Bunduki ya zamani bado ni silaha, na huenda ina risasi ndani. Usiifungue, usijaribu kuifyatua, wala usiibebe kwenye bodaboda. Iache hapo ilipo, umwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi kata, waje wao. Waombe ruhusa ya kupiga picha za maandishi kabla hawajaichukua. Usiisugue kwa msasa, maana kutu itaondoka pamoja na alama unazozitafuta.

Namba zinasema nini?

Gobori la mhunzi wa kijijini halina namba za kiwanda. Bunduki ya jeshi inazo. Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi waliopigana upande wa Mjerumani walikuwa nayo vita vilipoanza mwaka 1914, ina maandishi "I.G.Mod.71" ubavuni. Lee-Enfield ya Mwingereza ina alama ya taji na mwaka kwenye chuma kinachoshika kitako.

Andika kila unachokiona, hata herufi moja. Kuna viwanda vya Ujerumani vilivyoanza kuhesabu upya kila mwaka, hivyo bunduki mbili zinaweza kuwa na namba ileile. Nyingine zina pia alama ya kikosi: namba ya rejimenti, ya kombania, kisha ya bunduki yenyewe.

Karatasi ziko wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama. Nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea kwa mabomu mjini Potsdam mwezi Aprili 1945. London nako, Septemba 1940, moto uliunguza zaidi ya nusu ya mafaili ya wanajeshi wa Uingereza wa Vita vya Kwanza. Yaliyosalia yako kwenye hifadhi za taifa za nchi hizo. Hapa kwetu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya utawala wa Mjerumani.

Wa kwanza si lazima awe babu

Novemba 1914, Waingereza waliposhindwa vita vya Tanga, waliacha mamia ya bunduki, na askari wa upande wa Mjerumani wakazichukua. Askari hao walipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zao nyingi zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo alama ya taji haithibitishi kwamba babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR. Huenda bunduki ilitengenezwa kwa ajili ya askari mwingine kabisa, ikapita mikono kadhaa kabla ya kufika darini.

Na huenda jina la babu halimo katika faili lolote. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.

Anzia nyumbani

Kabla ya kwenda mjini, fungua sanduku la babu. Kama kuna medali ya Kiingereza, tazama ukingoni: kwa kawaida huchongwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Tafuta pia hati ya kuachishwa jeshi. Kisha kaa na wazee. Waulize babu aliitwaje ujanani, alitokea kijiji gani, alirudi lini na nani. Warekodi kwa simu yako, nawe uandike tarehe.

Ukishakuwa na jina, kijiji na kikosi, ndipo mtunza nyaraka ataweza kukusaidia. Akipewa namba ya bunduki peke yake, hana pa kuanzia.