AllStarLink

AllStarLink ni mtandao unaounganisha vituo vya redio za ridhaa vya nchi mbalimbali kwa njia ya intaneti. Kila kituo kina kompyuta ndogo inayofanya kazi ya lango. Upande mmoja kompyuta hiyo imefungwa kwenye redio ya mawasiliano, ile ambayo wengi huiita redio ya upepo. Upande wa pili iko kwenye intaneti. Na ikitakiwa, huunganishwa pia na simu. Mtu mwenye redio ya mkononi akiongea karibu na lango moja, sauti yake hurushwa hewani na lango jingine ambalo linaweza kuwa bara lingine.

Mtandao huu unategemea programu huria mbili. Ya kwanza ni Asterisk, yaani swichibodi ya simu inayoendeshwa na kompyuta. Ya pili ni app_rpt, inayofanya kazi ndani ya Asterisk na kuongoza redio. Kila lango huitwa nodi na hupewa nambari yake, kama simu inavyopewa namba.

Historia

Wazo la kuunganisha redio na simu ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1959 Thomas Carter wa Dallas, Texas, alianza kuuza kifaa kilichoitwa Carterfone. Mkono wa simu uliwekwa juu ya kifaa hicho, na sauti ikapita kwa hewa kati ya simu na redio bila waya kuunganishwa. Hivyo mfanyakazi wa visima vya mafuta aliye mbali na waya wa simu aliweza kuzungumza na mtu wa mjini. Kampuni ya simu ya AT&T ilipinga, lakini mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) iliamua kwamba wateja wana haki ya kuunganisha vifaa vyao na mtandao wa simu mradi visiuharibu.

Baadaye wanaredio wa ridhaa walijenga mitambo iliyomwezesha mtu aliye ndani ya gari kupiga simu kwa kubonyeza tarakimu kwenye redio yake. Kabla ya simu za mkononi kuenea, njia hiyo ilitumika sana kuripoti ajali za barabarani.

Intaneti ilipoenea, mitandao kadhaa ilianzishwa. IRLP ilianzishwa mwaka 1997 na David Cameron wa Vancouver, Kanada. EchoLink ilitolewa mwaka 2002 na Jonathan Taylor wa Marekani. Kwa upande wa simu, Mark Spencer alianza kuandika Asterisk mwaka 1999. Jim Dixon, fundi wa simu na mwanaredio wa ridhaa wa Marekani, alibuni kadi ya kuunganisha kompyuta na laini za simu na kutoa michoro yake bure, akiuita mradi huo Zapata, kwa jina la mwanamapinduzi wa Mexico. Ni yeye aliyeandika app_rpt, na kutokana nayo AllStarLink ikazaliwa. Dixon alifariki mwaka 2016. Toleo la tatu la programu za AllStarLink lilitoka mwaka 2024, likitumia Asterisk 20 juu ya mfumo endeshi wa Debian 12.

Namna lango linavyofanya kazi

Tofauti kubwa kati ya simu na redio ni zamu. Kwenye simu watu wawili wanaweza kusema kwa pamoja. Redio ya kawaida ya mawasiliano haiwezi kusikiliza inaporusha: anayesema hubonyeza kitufe, na akimaliza hukiachia ili asikie jibu. Kwa hiyo haitoshi lango kupitisha sauti; ni lazima lijue wakati wote ni nani mwenye zamu.

Kwa sababu hiyo kati ya redio na kompyuta kuna njia nne: sauti inayotoka kwenye redio; sauti inayoingia kwenye redio; ishara kwamba redio inapokea mtu (huitwa COS); na amri ya kuifanya redio irushe (huitwa PTT). Njia mbili za mwisho hazibebi sauti, lakini hitilafu nyingi za lango hutokea hapo.

Kati ya nodi na nodi, sauti husafiri kwa itifaki ya IAX2, ambayo ni ya Asterisk yenyewe. Hakuna seva kuu inayopitisha mazungumzo yote. Seva za AllStarLink huweka orodha ya nodi na anwani zake tu. Baada ya hapo nodi mbili huzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Vifaa

Lango la kawaida huhitaji redio ya VHF au UHF, antena, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na kadi ya sauti ya USB. Kadi zinazotumika sana zina chipu ya CM108 au CM119 ya kampuni ya C-Media, kwa kuwa zina pini zinazoweza kutumika kwa COS na PTT. Wapo wanaonunua kadi iliyokwisha tengenezwa kwa kazi hii, na wapo wanaochomelea nyaya wenyewe.

Redio nyingi za mkononi na za magari zimeundwa kurusha kwa vipindi vifupi. Kwenye lango redio inaweza kurusha kwa dakika nyingi mfululizo, ikapata joto na kuungua. Kwa hiyo huwekwa kwenye nguvu ya chini, na mahali penye hewa.

Kusanidi

Mwendeshaji hujiandikisha AllStarLink, huthibitisha leseni yake ya redio, kisha hupewa nambari ya nodi na neno la siri. Nambari kati ya 1000 na 1999 ni za binafsi. Hazisajiliwi, na hufaa kwa majaribio.

Mipangilio iko katika mafaili ya maandishi. Yaliyo muhimu ni haya:

- rpt.conf: tabia ya nodi yenyewe.
- simpleusb.conf: kadi ya sauti, COS na PTT.
- iax.conf: mawasiliano na nodi nyingine.
- extensions.conf: namba za simu na nani anaruhusiwa kupiga wapi.

Katika rpt.conf, mstari wa kwanza wa kuangalia ni duplex. Thamani 2 ni ya kituo cha kurudia matangazo, chenye kipokezi na kirushi vinavyofanya kazi kwa pamoja kwenye masafa mawili. Redio moja ya kawaida hupewa 1 au 0. Mtu akiacha 2 kwenye redio ya kawaida, kila redio inapoanza kupokea itaamriwa kurusha, na hapo itaacha kupokea. Matokeo yake ni sauti inayokatikakatika.

Mstari wa pili ni totime, muda wa juu wa kurusha bila kupumzika. Kwa kawaida ni 180000, yaani milisekunde za dakika 3. Mstari wa tatu ni idtime, unaosema kila baada ya muda gani lango litaje alama ya mwito ya kituo. Thamani ya kawaida, 540000, ni dakika 9, kwa sababu sheria ya Marekani hudai kituo kijitambulishe angalau kila dakika 10.

Katika simpleusb.conf mstari wa carrierfrom huamua jinsi COS inavyosomwa. Redio nyingine hutoa volti zinapopokea, nyingine huzishusha. Ukiwekwa kinyume, lango huamini kwamba mtu anasema wakati kumenyamaza, na mvumo wa redio tupu humwagika kwenye nodi zote zilizounganishwa. Inasaidia pia kutumia toni ya CTCSS, yaani toni nzito isiyosikika katika mazungumzo, kwa mfano ya Hz 100. Redio isiyotuma toni hiyo haifungui lango, na mwingiliano wa umeme wa jirani haugeuki kuwa matangazo.

Baada ya hapo hupimwa viwango vya sauti. Nodi 55553 ni ya kasuku: hurekodi unachosema na kukirudisha. Mwanaredio hubonyeza *3 na kufuatiwa na nambari ya nodi ili kuunganisha, *1 na nambari ili kuachana nayo, na *2 na nambari ili kusikiliza tu. Sauti ikirudi imekwaruza, kiwango kimezidi. Ikirudi hafifu, kimepungua. Ni heri kufanya jaribio hili kwanza kuliko kuingia kwenye nodi yenye watu wengi.

Matumizi ya data

Kiasi cha data hutegemea kodeki. Kodeki ya ulaw hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe, na GSM hutumia takriban 13. Sauti hukatwa katika pakiti 50 kwa sekunde, na kila pakiti hubeba baiti 32 za anwani na maelezo mengine, sawa na kilobiti 12.8 zaidi kwa sekunde. Hivyo ulaw hufika karibu kilobiti 77 na GSM karibu 26. Kwa saa moja ya kusema mfululizo upande mmoja, hiyo ni takriban megabaiti 35 kwa ulaw na 12 kwa GSM. Anayenunua data kwa vifurushi huweza kuridhika na GSM, ingawa sauti yake si safi kama ya ulaw.

Kuunganisha simu

Kwa kuwa ndani ya lango mna swichibodi, simu inaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza mwenye redio hubonyeza *6 na namba, lango humpigia mtu, na *0 hukata. Katika njia ya pili mwenye simu hupiga kwenye lango na kuingia hewani.

Simu haina kitufe cha kusemea. Kwa hiyo katika mpangilio wa kawaida mpigaji hubonyeza *99 ili redio ianze kurusha, na # ili iache. Upo mpangilio mwingine ambao sauti yenyewe huwasha redio. Ni mwepesi kutumia, lakini lango halitofautishi maneno na kelele: jogoo akiwika au gari likipita nyuma ya mpigaji, redio hurusha, na wengine hawapati zamu.

Katika extensions.conf wanaotoka kwenye redio hupewa kundi lao la namba wanazoruhusiwa kupiga. Yeyote anayesikia masafa anaweza kusikia toni za vitufe na kuziiga. Kundi likiachwa wazi, mtu asiyejulikana anaweza kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenye lango.

Usalama

IAX2 hutumia mlango wa UDP 4569. Huo hufunguliwa kwenye ruta ili nodi nyingine ziweze kupiga hodi. Baadhi ya kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti; hapo nodi huweza kupiga kwa wengine, lakini wengine hawawezi kuipigia.

Milango mingine ibaki imefungwa. Mlango 5060, unaotumiwa na simu za SIP, huchunguzwa na programu za wezi kutoka kila pembe ya intaneti. Neno la siri likiwa rahisi, huingia na kupiga simu za kimataifa, na bili humfikia mwenye swichibodi.

Sheria na wajibu

Mwenye leseni ndiye anayewajibika kwa kila kinachorushwa na kituo chake, hata kama aliyesema yuko nchi nyingine. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuficha maana ya mawasiliano yao kwa msimbo. Aidha zinaruhusu mawasiliano ya kimataifa kwa niaba ya mtu wa tatu wakati wa dharura au uokoaji katika maafa tu. Mtu wa tatu ni yule asiye mwanaredio, kama mpiga simu wa kawaida. Biashara hairuhusiwi.

Katika Afrika Mashariki leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi, kama TCRA nchini Tanzania, CA nchini Kenya na UCC nchini Uganda. Alama za mwito za nchi hizo huanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda. Leseni ya kutumia redio haina maana ya moja kwa moja kwamba mtu ameruhusiwa kuiunganisha na simu za umma. Jambo hilo huulizwa kabla ya kufunga waya.

Kutokana na wajibu huo, mwendeshaji anapaswa kuwa na njia ya kuzima kirushi akiwa mbali. Sheria ya Marekani inadai kwamba njia ya kukiongoza kituo kutoka mbali ikiharibika, kituo kisirushe zaidi ya dakika 3. Njia hiyo ya kuzimia isitegemee intaneti peke yake, kwa kuwa intaneti inaweza kuwa ndiyo iliyoharibika.

Intaneti inapokatika

Katika mafuriko au tetemeko, intaneti na minara ya simu vinaweza kukatika huku watu wakihitaji kuwasiliana. Nodi ya AllStarLink haitegemei seva ya mbali kuongoza redio yake. Ikiwa imefungwa kwenye kituo cha kurudia, huendelea kuwahudumia walio karibu, mradi umeme upo. Kwa sababu hiyo betri ya lango hupaswa kulisha redio na kompyuta kwa pamoja. Jaribio la mwisho la kusanidi ni kuchomoa waya wa intaneti na kuzima umeme wa ukutani, kisha kuita kwa redio ya mkononi. Kituo kikiitika, kazi imekamilika.