Konstebo na Sherifu: Nani Mkubwa wa Nani?

Msomaji wa Kiswahili nchini Kenya anapokutana na neno konstebo, picha inayomjia ni ya askari wa cheo cha chini kabisa katika Huduma ya Kitaifa ya Polisi, yule anayesimama kwenye kizuizi cha barabarani jua likimchoma na kumpigia saluti kila mkubwa anayepita. Sherifu naye humjia kutoka katika sinema za kauboi: mtu wa kofia pana, nyota ya bati kifuani na bastola kiunoni, mji mzima ukimtii. Maneno haya mawili yanapotokea katika matini moja kuhusu Marekani, si ajabu msomaji akayapanga kama vidato vya ngazi, sherifu juu na konstebo chini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpangilio huo ni kosa, na kwamba kosa lenyewe laweza kumgharimu mtu nyumba yake.

Vyeo vyote viwili vilikomaa Uingereza. Sherifu ametokana na scir-gerefa ya Kiingereza cha kale, maana yake msimamizi wa jimbo kwa niaba ya mfalme. Konstebo ana asili ya Kilatini, comes stabuli, yaani mkuu wa zizi la farasi, na neno hilo lilifika Uingereza pamoja na Wanormani waliovamia mwaka wa 1066. Kwa asili yake, basi, konstebo alikuwa mtu mzito wa kasri la mfalme. Kadiri karne zilivyopita cheo kilishuka. Sheria ya Winchester ya mwaka wa 1285 iliagiza kila tarafa iwe na makonstebo wawili wa kukagua silaha, na baadaye kila kijiji kikawa na wake: jirani aliyeshika zamu ya mwaka mmoja, aghalabu bila mshahara. Shakespeare aliwacheka watu wa aina hiyo kupitia Dogberry katika Much Ado About Nothing, konstebo anayevuruga kila neno analotamka ilhali walinzi wake ndio wanaowanasa waovu. Mwaka wa 1829 Robert Peel alipounda polisi wa London, askari wa kawaida alipewa jina hilo, na ndiyo maana iliyoletwa huku kwetu na wakoloni. Sherifu wa Uingereza naye amebaki na shughuli za heshima, ilhali huko Uskoti sherifu ni hakimu anayeketi mahakamani na kutoa hukumu.

Walowezi wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuvuka Atlantiki na vyeo hivi kabla Peel hajazaliwa. Ndiyo sababu huko Marekani konstebo wa kale angali hai, na hakuna mahali anapoonekana wazi zaidi ya jimbo la Texas. Mwaka wa 1823, eneo hilo likiwa bado chini ya Mexico, Thomas V. Alley aliteuliwa kuwa konstebo wa kuwaita mashahidi na kuwafikisha wakosaji mbele ya sheria. Leo jimbo hilo lina kaunti 254. Kaunti ya Harris, lilipo jiji la Houston, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.7 katika sensa ya 2020, na kaunti ya Loving ilikuwa na watu 64. Zote mbili zina sherifu. Kila kaunti huwa na kata moja hadi nane kutegemea idadi ya wakazi, na kata huwa na konstebo wake. Harris inazo nane.

Hapa ndipo ngazi ya msomaji wetu inapovunjika. Sherifu huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kaunti nzima kwa kipindi cha miaka minne. Konstebo huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kata yake kwa kipindi hichohicho. Sherifu hamwajiri konstebo, hampandishi cheo, hamhamishi wala hawezi kumfuta. Baraza la kaunti hupanga bajeti za wote wawili, lakini mwenye uwezo wa kuwaondoa ni mpigakura au mahakama. Konstebo ana manaibu wake, magari yake na mamlaka ya kumkamata mhalifu, kama alivyo sherifu. Katika kaunti ya Harris, mitaa mingine hulipia manaibu wa konstebo ili wapige doria kwao.

Kinachowatenganisha ni kazi. Sherifu ndiye msimamizi wa jela ya kaunti na mlinzi wa maeneo yasiyo na polisi wa mji. Konstebo kimsingi ni mtumishi wa mahakama ya hakimu wa amani, mahakama ndogo ya mashinani inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000 pamoja na kesi za kuwaondoa wapangaji. Yeye ndiye hupeleka samansi, hulinda kikao, na hukumu ikitoka ndiye anayebisha mlangoni. Sheria ya Texas inamtaka abandike onyo mlangoni angalau saa 24 kabla ya kumtoa mpangaji, na inakataza vyombo kutolewa nje mvua au theluji inaponyesha. Inasikitisha kwamba huruma ya sheria hiyo inaishia kwenye hali ya hewa.

Majimbo mengine yana mpango tofauti. Pennsylvania ina makonstebo wanaochaguliwa kwa miaka sita na ambao hawana mshahara, bali hulipwa ada kwa kila hati wanayopeleka. Kwingineko cheo hicho kimetoweka, na kazi ya kuwaondoa watu nyumbani ni ya sherifu.

Ndivyo ilivyo katika kaunti ya Cook, lilipo jiji la Chicago. Oktoba 2008, mgogoro wa mikopo ya nyumba ukiwa umepamba moto, sherifu Tom Dart alitangaza kwamba maafisa wake hawangewatoa tena watu katika nyumba zilizotwaliwa na benki. Wengi wa waliokuwa wakitupwa nje walikuwa wapangaji waliolipa kodi yao kikamilifu, bila habari kwamba mwenye nyumba ameshindwa kulipa mkopo. Mabenki yalilalamika kuwa anakaidi amri za mahakama. Alirejelea kazi hiyo baada ya kuwekwa masharti ya kuwalinda wapangaji, na mwaka wa 2010 akachaguliwa tena. Konstebo wa Kenya akifanya hivyo huitwa mtovu wa nidhamu, kwa kuwa mamlaka yake yanatoka juu. Hata hivyo, kura haizai watetezi wa wanyonge pekee. Joe Arpaio alikuwa sherifu wa kaunti ya Maricopa, Arizona, kuanzia 1993 hadi mwisho wa 2016. Alilaza wafungwa katika mahema kwenye joto la jangwa na kushangiliwa na wapigakura wake. Mwaka wa 2013 mahakama iliamua kwamba ofisi yake iliwabagua watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, na mwaka wa 2017 akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, kisha Rais Trump akamsamehe kabla ya kuhukumiwa adhabu.

Mfasiri wa Kiswahili, kwa hiyo, ana mitego kadhaa mbele yake. Akiandika sherifu, msomaji wa Lamu aweza kusikia sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, neno lenye asili ya Kiarabu lisilo na uhusiano wowote na scir-gerefa. Akiandika naibu wa sherifu, Mkenya atawaza mtu mmoja, wa pili kwa ukubwa, kumbe sherifu aweza kuwa na mamia ya manaibu ambao ni askari wa kawaida. Akitumia askari wa kaunti, ndilo kosa baya zaidi: tangu Katiba ya 2010 itupe kaunti 47, maneno hayo yanamhusu mtu anayewafukuza wachuuzi na kukagua maegesho kwa amri ya serikali ya gavana, wala si afisa aliyechaguliwa mwenye jela. Yafaa kuacha sherifu na konstebo kama yalivyo, mradi katika kutajwa kwa mara ya kwanza ielezwe kwamba ni afisa wa kuchaguliwa, na eneo lililomchagua litajwe.

Wakenya wengi wanaishi Texas, hususa Dallas na Houston, na huko barua kutoka ofisi ya konstebo si jambo la ajabu. Aliyekulia Kenya aweza kuitazama na kuona jina la askari mdogo kuliko wote, akaiweka kando akisubiri mkubwa wake aje. Mkubwa huyo hayupo. Karatasi ile ni samansi, tarehe ya kesi imeandikwa humo, na mpangaji asipofika hakimu wa amani aweza kuamua asiwepo. Konstebo atakaporudi atakuwa na onyo la kubandika mlangoni, na saa 24 zitaanza kuhesabiwa.