Neno "Barabara" na Nguvu Yake

Wasomaji wetu wanaofundisha katika Nyanda za Juu za Kusini bila shaka wamepata kumsikia mtoto akisoma kwa sauti, "Yashikeni maneno haya barabara," huku akilitamka neno la mwisho kana kwamba ni njia ya magari. Darasa halicheki, kwa maana halioni kosa. Na pengine mwalimu naye halioni. Huko Chimala jambo hili si la kustaajabisha. Mji huo umekaa kando ya njia kuu iendayo Zambia, kati ya Igawa na Igurusi, na reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, ina stesheni yake papo hapo. Mtoto aliyelelewa katika Kisangu, Kikinga au Kinyakyusa huijua barabara ya malori kabla hajakijua Kiswahili cha vitabuni. Maana ile nyingine, iliyo karibu zaidi na asili ya neno, huikuta baadaye kama mgeni.

Kwa maandishi neno ni moja. Kwa sauti ni mawili. Njia ni barabára, mkazo ukikaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Neno la kutia nguvu ni barábara, mkazo ukirudi nyuma silabi moja. Maneno yanayoivunja desturi hiyo ni machache, nayo karibu yote yametoka ugenini. Wengi husema lázima, kwa mfano.

Asili yake ni Kiajemi. Bar ni kifua, na barābar ni kifua kwa kifua: watu wawili wamesimama sawa, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Neno likasafiri mbali. Waturuki husema beraber, na maana yake kwao ni pamoja. Katika Kihindi ni sawa kwa sawa. Wagujarati hulitumia pia kwa jambo lililo sahihi, lililokwenda kama ipasavyo. Na kwa kuwa wafanya biashara wa kabila hilo wamekaa Zanzibar na Mombasa vizazi vingi, twaona ni vigumu kusadiki kwamba vinywa vyao havikuwa na sehemu katika maana yetu ya Kiswahili. Jinsi jina la njia lilivyotokea twaweza kulikisia: njia iliyosawazishwa, pana, si kijia cha mbuzi.

Lakini neno la usawa limepataje nguvu ya kukaza? Tuangalie ndugu yake, sawasawa, ambalo shina lake ni la Kiarabu. Mtu husema, "Amempiga sawasawa," wala hasemi habari ya haki au mizani. Ataka kusema kipigo kimetimia. Halisi, yaani safi isiyochanganywa, na hasa, yaani ya peke yake, yamepita njia iyo hiyo. Wala si kwetu tu. Neno la Waingereza very, walitumialo kama sisi tutumiavyo sana, lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa kweli. Kilicho kweli, kilicho safi, kilicho sawa: hayo ndiyo machimbo ambamo lugha nyingi huchimbua maneno ya nguvu.

Hata hivyo barábara halikupoteza kabisa maana yake ya kwanza, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Sana huongeza wingi, wala halina mpaka. Barábara husema kipimo kimejaa mpaka ukingoni, wala hakikumwagika. Aliyefunga mzigo sana huenda amekata kamba. Aliyeufunga barabara ameufunga kama upasavyo kufungwa. Tena neno hili lapenda kitendo kilichotendwa vema au kwa ukamilifu: kulima, kufunga, kujibu, hata kuchapa. Hatumsikii mtu akisema kwamba ni mgonjwa barabara, kwa kuwa ugonjwa hauna kipimo chake cha haki. Siku hizi vijana wapenda zaidi kabisa, au sana iliyorudiwa mara mbili, na barábara laelekea kuwa neno la wazee. Likitoweka, tofauti hiyo itakuwa shida kuieleza kwa neno moja.

Na mkazo ukikosewa, hasara si ya masikio peke yake. "Funga barabara!" yaweza kuwa amri kwa utingo anayekaza turubai juu ya lori, au kwa askari anayezuia magari yasipite. "Fuata barabara" ni kufuata njia, au kufuata agizo pasipo kuacha neno. Mgonjwa anayesomewa maagizo ya dawa, na waumini wanaosomewa waraka, hawana karatasi mbele yao wala nafasi ya kurudi nyuma; wana sauti ya msomaji tu.

Vitabu vyetu haviandiki alama ya mkazo, wala hatutaki vianze kuiandika kwa ajili ya maneno machache. Lakini msomaji aweza kuitia mwenyewe kwa kalamu ya risasi kabla ya kusimama mbele ya watu. Naye anayeandika waraka, akiona sentensi yake yaelekea huku na huku, na aandike njia kuu mahali pa njia, ili barábara libaki na kazi yake ya kukaza.