Wanunuzi wa pikipiki za majini watazama injini, wasahau kiti cha nyuma

PIKIPIKI kubwa za majini, zile za kifahari zenye viti vitatu, sasa zina bei ya gari. Katika soko la Marekani, ambalo ndilo kubwa, mashine za daraja la juu zimekuwa zikiorodheshwa kwa kiasi cha dola 18,000 hadi 20,000 na ushei katika miaka ya karibuni, kabla ya kodi, usafirishaji na trela ya kuivutia.

Mtu anayetoa fedha kama hizo kwa ajili ya baba, mama na mtoto kupunga upepo siku ya Jumapili ana haki ya kujua anacholipia. Wengi huuliza swali moja tu dukani: ina nguvu za farasi ngapi? Muuzaji hufurahi, maana hilo ndilo swali lenye jibu la bei kubwa.

Soko lenyewe limebaki mikononi mwa kampuni tatu. Bombardier ya Canada ilitoa mashine yake ya kwanza ya kukalia, Sea-Doo, mwaka 1968, ikaiacha, kisha ikairudisha mwaka 1988. Tangu mwaka 2003 kazi hiyo iko chini ya kampuni iliyojitenga, BRP. Kawasaki ya Japani iliingia mapema miaka ya 1970 na mashine ya kuendesha kwa kusimama iliyoitwa Jet Ski, jina ambalo leo watu huliita kila chombo cha aina hiyo, kama vile kila sabuni ya unga ilivyoitwa Omo. Yamaha ilifuata na WaveRunner katikati ya miaka ya 1980.

Arctic Cat, Polaris na Honda nazo ziliwahi kuingia katika biashara hii, na zote zikatoka. Anayeuziwa mtumba wa kampuni hizo kwa bei ya kutupa aulize kwanza spea zitatoka wapi.

Kwa nguvu, ushindani ni mkali. Kawasaki Ultra 310 ina injini ya silinda nne ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 310. BRP ilifika 300 mwaka 2016 kwa injini yake ya Rotax ya silinda tatu, na katika mashine za mwaka 2024 ikapanda hadi 325. Yamaha haina desturi ya kutangaza idadi ya farasi, lakini injini yake ya lita 1.8 nayo imo katika ushindani huo.

Nguvu hizo zote zinatokana na supachaja, yaani feni inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini kwa lazima. Hapo ndipo gharama huanza kujificha. Injini yenye supachaja hutaka petroli ya oktani ya juu, ambayo haipatikani kila kituo, na huinywa kwa kiu. Ikiendeshwa kwa nguvu zote inaweza kumaliza tangi la lita 70 kabla saa moja haijatimia. Aidha, supachaja ni kifaa cha ziada kinachozunguka kwa kasi kubwa na kinachohitaji fundi anayekijua.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba mwendo hauongezeki kwa kiasi cha fedha. Mashine nyingi kubwa zimewekewa kikomo na viwanda vyenyewe, kiasi cha kilomita 105 hadi 110 kwa saa. Tofauti ya farasi 230 na 300 huonekana zaidi katika kuchomoka kuliko katika mwendo wa mwisho. Kuchomoka huko ndiko kunakomtupa abiria wa nyuma.

Suala la abiria wa nyuma ndilo linalostahili kuangaliwa kuliko yote. Mashine hizi hazina pangaboi la nje. Pampu huvuta maji kutoka chini na kuyasukuma kwa nguvu kupitia mdomo ulioko tezi. Mtu akianguka kinyumenyume karibu na mdomo huo, maji yanaweza kumpenya mwilini na kumjeruhi vibaya viungo vya ndani. Ndiyo maana watengenezaji wote huandika kwenye lebo za mashine kwamba waendeshaji na abiria wavae suruali ya kuogelea ya mpira mzito. Pwani nyingi hulitazama vazi hilo kama urembo wa Wazungu. Siyo urembo.

Kwa hiyo mtoto hapaswi kukaa mwisho. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba miguu ya kila abiria iguse sehemu ya kukanyagia akiwa ameketi, na asiyefikia hapandi. Kiti chenye ngazi, ambacho kila aliye nyuma huinuka kidogo na kupata egemeo, kina thamani kuliko farasi 70 za ziada. Vivyo hivyo mishikio ya abiria na ngazi ya kupandia kutoka majini. Mama aliyeanguka mara mbili na kushindwa kupanda hatarudi mara ya tatu, na mashine itabaki ya baba peke yake.

Mnunuzi apime pia uzito. Sea-Doo GTX inaruhusiwa kubeba kilo 272, na Yamaha FX kiasi cha kilo 240. Baba wa kilo 95, mama wa 75 na mtoto wa 35 ni kilo 205, bado hujaweka kapu la chakula. Mashine ndogo kama Spark, ambayo BRP iliitoa kwa dola 4,999 katika toleo la mwaka 2014 na kulitikisa soko, ni nyepesi na ya kufurahisha kwa kijana mmoja au wawili. Kwa familia nzima kwenye bahari yenye mawimbi ni suala jingine. Bodi ndefu ya mita 3.4 au zaidi hukata wimbi, wakati fupi hulirukia.

Kuhusu usukani, wageni hushangaa wanapoambiwa kwamba mashine hizi huelekezwa na yale maji yanayosukumwa. Dereva akiogopa na kuachia mafuta ghafla, usukani nao hupungua nguvu, na chombo huendelea moja kwa moja kuelekea kile anachokikwepa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ililitaja tatizo hilo katika uchunguzi wake wa mwaka 1998. BRP ilileta breki mwaka 2009, kifuniko kinachoshuka na kurudisha maji mbele, na Yamaha ikaleta mfumo wake katika mashine za mwaka 2015. Kawasaki ilifuata baadaye sana. Mnunuzi wa mtumba kwa ajili ya familia asishuke chini ya miaka hiyo kwa sababu ya nafuu ya dola chache.

Kampuni zote tatu pia hutoa njia ya kupunguza mwendo kwa anayejifunza, ama kwa ufunguo maalumu au kwa namba ya siri. Huko Florida mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kuendesha, na wote wanaopanda lazima wavae jaketi la kujiokolea. Sheria hiyo inafaa kufuatwa hata mahali ambapo hakuna askari wa kuisimamia.

Kwa matumizi ya maji chumvi, injini za Rotax hupozwa na maji yake yenyewe yanayozunguka ndani, kama gari lenye rejeta. Yamaha na Kawasaki hutumia maji ya nje. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu wa Mombasa au Zanzibar, ingawa hata Rotax hupitisha maji ya bahari kwenye sehemu ya moshi, hivyo zote lazima zisafishwe kwa maji baridi kila zinapotoka baharini.

Upande wa pili wa mizani ni spea. Jina la Yamaha linajulikana na wavuvi wa mwambao wote kwa mashine zao za boti, lakini mnunuzi asidanganyike: duka lenye plagi na pangaboi la mashine ya kuning'iniza tezi huenda halijawahi kuona pampu ya WaveRunner. Aulize kifaa kwa jina, na aulize kitachukua wiki ngapi.

Kifaa cha kuulizia kwanza ni pete inayozunguka pangaboi la ndani ya pampu. Mchanga huila. Watengenezaji hushauri injini isiwashwe kwenye maji yasiyofika kiasi cha sentimita 60 hadi 90, jambo gumu kwenye fukwe zetu wakati wa maji kupwa, ambapo vijana hupenda kuwasha wakiwa bado wanatembea. Pete moja ya akiba ni bora iagizwe pamoja na mashine.

Kwa jumla ya hesabu hizo, familia isiyoshindana mbio hupata zaidi katika bodi kubwa ya kifahari yenye injini isiyo na supachaja, kama ile ya Rotax ya farasi 170 au ya Yamaha ya lita 1.9. Hutumia petroli ya kawaida na bei yake iko chini kwa dola elfu kadhaa. Anayetaka farasi 300 kwa lazima anunue, lakini apange pia bajeti ya mafuta na fundi, na ufunguo wa mwendo mdogo aukabidhi kwa mwenye nyumba.

Kwa wanaoagiza kutoka Marekani Kaskazini, matoleo mapya kwa kawaida hutangazwa mwishoni mwa kiangazi cha huko, Agosti na Septemba. Baada ya hapo wauzaji hupunguza bei za yale yaliyobaki ghalani ili wasiyalaze hadi majira ya baridi yapite.