Kisa cha Kompyuta ya Kati

Haya watoto, sogeeni karibu, na hizo simu ziwekeni kando kidogo. Kila simu hapo ni kompyuta, tena yenye nguvu kupita mashine zilizokuwa zikijaza chumba kizima enzi za ujana wa babu zenu. Lakini kompyuta haikuruka kutoka chumbani hadi mfukoni kwa siku moja. Katikati ya safari ilipita minikompyuta, na kisa chake ndicho nitakachowasimulia.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta zake za System/360. Kompyuta za namna hiyo huitwa meinfremu. Zilikaa kwenye chumba chao maalumu chenye viyoyozi, na walioruhusiwa kuzigusa walikuwa mafundi wachache. Mwanafunzi mwenye hesabu ngumu alitoboa maagizo yake kwenye kadi za karatasi, akakabidhi bunda la kadi, akaenda zake kungoja. Jibu lingeweza kuja baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake. Akikosea herufi moja, anarekebisha kadi na kurudi kwenye foleni.

Utaratibu huo ulikuwapo hata kabla ya System/360, na wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, hawakuridhika nao. Walikuwa wamefanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, ambako walionja raha ya kuketi mbele ya mashine, kuiagiza na kuona jibu papo hapo. Mwaka 1957 walianzisha kampuni yao, Digital Equipment Corporation, yaani DEC, katika kiwanda cha zamani cha vitambaa vya sufu mjini Maynard, jimbo la Massachusetts.

Mwaka 1965 DEC ikatoa minikompyuta iitwayo PDP-8. Bei yake ilikuwa dola 18,000, wakati meinfremu ziliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, nyingine mamilioni. Umbo lake lilikuwa kama friji dogo. Katika picha ya tangazo iliwekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Volkswagen, ili watu waone kwa macho yao kwamba kompyuta inabebeka.

Hebu tuichungulie ndani. Kumbukumbu yake ilifumwa kwa vipete vidogo vya sumaku, nyaya nyembamba zikipita katikati ya kila kimoja. Kipete kimoja kilihifadhi sifuri au moja, basi. Vilikuwa zaidi ya 49,000, na ukizima umeme havikusahau. Leo picha moja tu ya simu yako isingeenea humo!

Na kuiwasha? Mbele palikuwa na safu ya swichi na taa. Mtu alipandisha swichi hii, akashusha ile, akaingiza agizo moja. Kisha la pili, kisha la tatu. Maagizo hayo machache ndiyo yaliyoifundisha mashine kusoma utepe wa karatasi wenye matundu, na kwenye utepe ndiko programu yenyewe ilikokuwa. Ilikuwa kazi ya subira, lakini mtu aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mafundi.

Maabara zikainunua, viwanda vikainunua, na vyuo pia. Kompyuta za ukoo wa PDP-8 ziliuzwa zaidi ya 50,000. Kisha, mwaka 1969, Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs alipata PDP-7, minikompyuta ya DEC iliyokuwa imeshapitwa na wakati, akaanza kuandika juu yake mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mwenzake Dennis Ritchie akaungana naye. Mfumo wa Android unaoendesha simu nyingi za leo umejengwa juu ya Linux, na Linux ilifuata nyayo za Unix.

Baadaye zikaja kompyuta ndogo zaidi. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 4004, ubongo wa kompyuta katika kipande kimoja, na mwaka 1975 ikaingia sokoni Altair 8800, mikrokompyuta ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua na kuiunganisha nyumbani. Minikompyuta zikaanza kupungua, na mwaka 1998 DEC yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya Compaq. Kompyuta za ukubwa mwingine hazikufa: superkompyuta bado hukokotoa hali ya hewa, na meinfremu bado huhudumia benki kubwa.

Basi shikeni neno hili. Thamani ya minikompyuta haikuwa udogo wake tu. Iliiondoa kompyuta mikononi mwa wachache, na mtu mwenye swali akaweza kuketi mbele yake na kujaribu, kukosea, na kujaribu tena. Ninyi mna mashine bora kuliko ile, na lugha za programu kama Scratch na Python hazilipiwi hata senti. Msiishie kutazama video tu. Jifunzeni kuiagiza kompyuta, ili ifanye kazi mliyoibuni ninyi wenyewe.