Udongo wa Magadi: Kweli au Uongo?

Kama unalima bondeni, lazima umeshayasikia mengi kuhusu ardhi ya magadi, yaani yenye sodiamu nyingi. Tuyapime moja moja.

"Magadi hujulikana kwa weupe."
Uongo. Ukoko mweupe mara nyingi ni chumvi nyingine tu. Udongo wenye magadi hasa huweza kuwa mweusi, kwa sababu magadi huyeyusha mboji, nayo ikabaki juu maji yanapokauka. Angalia pH: ikizidi 8.5, ishuku sodiamu.

"Mfinyanzi wa magadi ni udongo wa aina nyingine kabisa."
Uongo. Chembe zake zimeumbwa kwa silikoni, alumini na oksijeni kama mfinyanzi mwingine. Tofauti iko kwenye vitu vinavyoshikwa na chembe hizo. Chembe hizo zina chaji hasi, hivyo huvuta kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Kalsiamu yenye chaji mbili huzishikamanisha. Sodiamu yenye chaji moja huziacha zisukumane. Sodiamu ikifika takriban asilimia 15 ya vyote vilivyoshikwa, udongo huhesabiwa kuwa wa magadi.

"Dimbwi lisilotulia tope ni dalili ya ardhi mbaya."
Kweli, na wazee waliona sawasawa. Dondosha bonge dogo kavu la udongo ndani ya glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Wingu la tope likilizunguka na kubaki linaelea, mfinyanzi wako unatawanyika.

"Mvua kubwa itauosha."
Uongo. Mvua huondoa chumvi, lakini sodiamu hubaki imeng'ang'ania mfinyanzi. Chumvi zikipungua, chembe hutawanyika zaidi na kuziba vitundu, maji yakatuama.

"Mwaga chokaa."
Uongo. Chokaa ya shambani hutibu udongo wenye tindikali. Kwenye pH kubwa haiyeyuki vya kutosha. Dawa ni jasi, kama ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same. Kalsiamu yake hung'oa sodiamu, kisha maji huisomba.

"Samadi huponya ardhi."
Kweli, ila haitoshi peke yake. Ikioza hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ndani ya maji huwa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa iliyomo udongoni na kuifungua kalsiamu. Lakini pasipo mifereji ya kutolea maji, sodiamu haina pa kwenda.

Basi, ndugu mkulima, kabla hujanunua hata mfuko mmoja, peleka udongo wako ukapimwe pH na sodiamu. Kiasi cha jasi hukadiriwa kwa sodiamu iliyomo, si kwa macho.