Selimundu: Protini hupimwa uzito, na jibu humsaidia mtoto mapema

Mzazi anapoona mtoto wake wa siku chache akichomwa kisiginoni ili litoke tone la damu, ni kawaida kujiuliza: tone dogo hivi litaonyesha nini?

Litaonyesha mengi. Ndani yake kuna mamilioni ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zimejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni mwilini. Protini hiyo ina uzito wake, na uzito huo unaweza kupimwa. Wiki hii tuwaangalie wanakemia wa vyuo vikuu wanaopima uzito wa protini, na kwa nini kazi yao inamhusu mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli.

Tofauti ndogo, ugonjwa mkubwa

Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Mwaka 1957, mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kuwa katika selimundu shanga moja tu ndiyo iliyobadilika. Ni ile ya sita: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Badiliko hilo hupunguza uzito. Kwa kipimo cha wanakemia, ambacho kimoja chake ni karibu sawa na uzito wa atomu ya haidrojeni, mnyororo wa kawaida una uzito wa takriban 15,867. Wa selimundu una 15,837. Tofauti ni 30 tu. Ni kama gunia la kilo 100 lililopungua gramu 190. Hata hivyo, badiliko hilo linatosha kufanya chembe za damu zipinde kama mundu, zizibe mishipa midogo, na kumletea mtoto maumivu makali na upungufu wa damu.

Protini hupimwaje?

Mashine inayotumika huitwa spektrometa ya masi. Kwa miaka mingi ilipima vitu vidogo tu, kwa sababu protini ilikuwa ikivunjika kabla ya kupimwa. John Fenn wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alipata njia. Majimaji yenye protini hupitishwa kwenye sindano nyembamba yenye umeme mkali, yakatoka kama mvuke wa pafyumu. Maji hukauka, protini hubaki ikiwa na chaji ya umeme na kuingia ndani ya mashine isiyo na hewa. Katika aina mojawapo ya mashine hizo, protini hupimwa kwa mwendo wake: zikiwa na chaji sawa, nyepesi hufika mapema na nzito huchelewa. Fenn alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002, akiwa na miaka 85.

Kutoka fundi sanifu hadi profesa

Mtu mwingine wa kumfahamu ni Profesa Carol Robinson wa Chuo Kikuu cha Oxford. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akawa fundi sanifu wa maabara katika kampuni ya dawa ya Pfizer mjini Sandwich, Uingereza. Huko ndiko alikojifunza kutumia mashine hii. Alisoma huku akifanya kazi, akafika hadi shahada ya uzamivu ya Cambridge. Kisha akakaa nyumbani miaka minane akilea watoto wake watatu.

Aliporudi maabara, wengi waliamini kuwa protini zilizoshikana haziwezi kubaki pamoja zikitolewa kwenye maji. Yeye na wenzake walionyesha kuwa zinaweza. Mwaka 2001 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa kemia Cambridge, na mwaka 2009 akawa wa kwanza Oxford.

Kwa mgonjwa, kazi hiyo ina maana kubwa. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kuishika protini fulani mwilini, na protini iliyoshikwa na dawa huongezeka uzito. Mtafiti akiiona imeongezeka, anajua dawa imefika mahali pake.

Mashine hizi pia zimeingia katika huduma. Nchini Uingereza, ambako watoto hupimwa damu ya kisigino wakiwa na siku tano hivi, baadhi ya maabara huzitumia kutambua selimundu.

Mzazi afanye nini?

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Huhitaji kusubiri mashine ya Oxford ili mwanao apimwe. Vipo vipimo vinavyotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, na vipo vya haraka vya tone la damu. Fahamu kuwa kile cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakitofautishi mgonjwa na mtu aliyebeba kinasaba bila kuugua, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya. Muulize daktari ni kipimo kipi kimetumika.

Usisubiri dalili. Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na hemoglobini aliyozaliwa nayo, hivyo huonekana mzima. Dalili huanza kujitokeza kuanzia karibu miezi sita, na wengine huanza na maambukizi makali yanayoweza kuua. Akitambuliwa mapema, huanzishiwa penisilini ya kinga, hupewa chanjo zote, na daktari huamua lini aanze haidroksiyurea. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, akivimba vidole, akipauka ghafla au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na tuache kumlaumu mama, au kutafuta mchawi. Mtoto huugua aina hii ya selimundu anaporithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wamekibeba, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Kama mna mpango wa kuoana au kuongeza mtoto, nendeni mkapime wote wawili, na majibu yatunzeni pamoja na kadi ya kliniki.